Mwanamke wa Senti 25

Mwaka 1924 kampuni moja ndogo ya filamu huko Hollywood iliamua kubadilisha jina. Tangu mwaka 1918 ilikuwa ikiitwa CBC, kutokana na majina ya waanzilishi wake watatu: ndugu wawili, Harry na Jack Cohn, pamoja na mwenzao Joe Brandt. Filamu zao zilikuwa za bei poa, na wenye midomo yao mjini wakawa wanasema CBC ni kifupisho cha nyama ya chumvi na kabichi, chakula cha watu wasio na hela. Kina Cohn hawakucheka. Wakachagua jina zito kuliko wao, Columbia, ambalo washairi walilitumia kuiita Marekani yenyewe, kisha wakatafuta nembo ya kufanana nalo. Nembo ile ya kwanza ilikuwa mwanamke aliyevaa kama askari wa Kirumi, ameshika ngao mkono wa kushoto na suke la ngano mkono wa kulia.

Mmarekani yeyote wa siku zile aliyetia mkono mfukoni angeweza kumtoa dada wa mwanamke huyo. Robo dola iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1916 hadi 1930, kazi ya mchongaji Hermon MacNeil, ina mwanamke aliyesimama kwenye upenyo wa ukuta, ngao mkono wa kushoto, tawi la mzeituni mkono wa kulia. Toa tawi, weka ngano, na kazi imekwisha.

Nimewatazama wanawake hawa wawili kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye tasnifu ya uzamili ya kumaliza. Kwamba nembo ilitoholewa kutoka kwenye sarafu ni jambo dogo, linaonekana kwa macho. Kinachonisumbua ni swali la kimaadili lililojificha nyuma yake. Mtu akichukua sura ambayo watu wameshaizoea kuiamini, akaibandika kwenye kitu chake, amefanya nini hasa? Ameazima? Ameiba? Na ile sura yenyewe, kabla haijachukuliwa, ilikuwa mali ya nani?

Tuanze na sarafu. Aristotle aliwahi kueleza kwamba fedha haina thamani kwa asili yake bali kwa makubaliano, na kwamba ndiyo maana kwa Kigiriki jina la fedha limetokana na neno lenye maana ya sheria au desturi. Kipande cha madini peke yake kinakulazimu utafute mizani. Kikishagongwa chapa, mizani hukai nayo tena: kuna mtu amepima kwa niaba yako na ameweka jina lake. Kwa hiyo picha iliyo kwenye sarafu haikuwekwa ili ipendeze. Ni kiapo. Ndiyo maana wanaoghushi waliadhibiwa kama wasaliti wa nchi na si kama wezi wa kawaida. Isaac Newton, huyo huyo wa mvutano wa dunia, alipopewa kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha Uingereza aliwasaka waghushi kwa bidii ya mpelelezi, na mmoja wao, William Chaloner, alinyongwa mwaka 1699. Pembeni mwa baadhi ya sarafu za Kiingereza za karne ile palizungushiwa maandishi ya Kilatini ili mtu asiweze kukwangua ukingo bila kugundulika, na maandishi yenyewe yalijisifu kuwa ni pambo na ni kinga pia.

Sasa njoo kwenye sinema ya mwanzoni mwa karne ya 20. Filamu ziliuzwa kwa urefu, kwa futi, kama kitambaa dukani. Aliyenunua nakala moja aliweza kutengeneza nakala nyingine kumi na kuziuza kama zake, na sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuzitambua filamu kama kundi la kazi linalojitegemea mpaka mwaka 1912. Siegmund Lubin wa Philadelphia alinakili filamu ya Georges Méliès ya safari ya mwezini ya mwaka 1902, akaiuza bila hata kupepesa macho. Studio zikaanza kujilinda kwa njia ambayo leo inachekesha. Pathé ya Ufaransa iliweka jogoo wake ndani ya mandhari ya filamu zenyewe. Biograph ya Marekani ilitundika duara lenye herufi AB ukutani. Ukitazama filamu zao fupi za wakati huo unamwona mama anamlilia mwanawe anayeumwa, na pale juu ya kichwa chake, kwenye nyumba ya maskini, kuna AB imening'inia kama picha ya bwana harusi. Haina kazi yoyote katika hadithi. Imewekwa ili mwizi akiinakili filamu, anakili na ushahidi.

Hapo ndipo ufanano wa sarafu na nembo za studio unapoacha kuwa mambo ya mitindo. Vitu vyote viwili vilizaliwa na tatizo moja, kwamba hiki kinaweza kunakiliwa, utajuaje kama ni chenyewe? Walter Benjamin, katika insha yake ya miaka ya 1930 kuhusu kazi za sanaa zinazozalishwa kwa mitambo, anakumbusha kwamba Wagiriki wa kale walijua njia mbili tu za kuzalisha sanaa kwa wingi, kusubu na kugonga chapa, na sarafu ni moja kati ya vitu walivyovizalisha hivyo. Insha ile inakumbukwa zaidi kwa yale anayoyasema kuhusu sinema. Wengi tunaisoma kwa haraka kuwahi sinema, tunairuka sarafu.

Na macho yakishazoea, hayatulii. Jogoo wa Pathé yupo pia kwenye sarafu za dhahabu za faranga 20 za Ufaransa zilizotengenezwa kati ya mwaka 1899 na 1914. Simba wa MGM, aliyebuniwa na Howard Dietz mwaka 1916 kwa ajili ya kampuni ya Goldwyn, amekaa ndani ya duara lenye maneno ya Kilatini, mpangilio ule ule wa sarafu: mnyama katikati, kauli imemzunguka. Simba ni mkongwe kwenye kazi hii kuliko wote, kwa kuwa sarafu za Lydia, zilizo kati ya sarafu za kwanza kabisa duniani, zilikuwa na kichwa cha simba. Sisi wa Afrika Mashariki tulipewa wa kwetu mwaka 1921, shilingi yenye simba mbele ya milima na, upande wa pili, kichwa cha Mfalme George wa Tano. Babu zetu walimlipia kodi kwa simba huyo. Mtu wa MGM angalau alinguruma halafu akakuonyesha filamu.

Turudi kwa kina Cohn. Walighushi? Hapana, kwa maana ya kawaida. Hakuna mwenye duka ambaye angepokea filamu ya Columbia badala ya robo dola. Jina Columbia na mwanamke mwenye ngao vilikuwa mali ya umma, kama vile neno uhuru lilivyo mali ya umma kwetu, na kinyozi anayeita kibanda chake Uhuru hajamwibia mtu. Hata hivyo kuna kitu walikichukua. Kwa miaka minane sarafu ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu na kila mara ilitimiza ilichoahidi: ukiitoa, unapewa mkate. Imani iliyojengwa hivyo ndiyo waliyoitaka. Walitaka mtu akae kwenye kiti, taa zizimwe, amwone yule mwanamke, na moyo wake useme hiki ni cha kweli kabla hajajua kwa nini.

Mimi naliona hilo kuwa deni, na deni si dhambi. Ni kama mtu anayeandika hundi kabla pesa haijaingia benki. Kila kitu kinategemea kama pesa itaingia. Kwa Columbia iliingia: mwaka 1934 walitoa It Happened One Night, ambayo ilishinda Oscar zote tano kubwa, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kabichi. Kwa hiyo kama swali lingekuwa la kampuni tu, ningelifunga hapa na kurudi kwenye tasnifu.

Tatizo ni kwamba sarafu nayo ilikuwa imeazima.

Mwanamke wa robo dola anaitwa Uhuru. Wanawake wa sura hiyo wamekuwa kwenye sarafu za Marekani tangu miaka ya 1790, na sababu ya Uhuru kuwa mwanamke ni ya kisarufi kuliko tunavyodhani. Neno la Kilatini la uhuru ni la jinsi ya kike, Warumi wakamfanya mungu wa kike, Wazungu wakarithi. Kwetu uhuru uko ngeli moja na ugali na ukuta, hauna jinsia, na ukiwa jina la mtu tunampa mtoto wa kiume. Pengine ndiyo maana nilipoanza kuangalia sarafu hizi niliona jambo ambalo Mmarekani aliyezizoea anaweza kulipita. Mwaka 1916, mwanamke yule aliposimama na ngao yake, wanawake wa Marekani hawakuwa na haki ya kupiga kura nchi nzima. Waliipata mwaka 1920. Kwa zaidi ya miaka 120 taifa lilichora uhuru kwa umbo la mtu ambaye lilikuwa limemnyima.

Na yule alikuwa umbo tu, mwanamke kwa jumla. Mambo yanakuwa magumu unapofika kwa mwanamke mwenye jina.

Rais Theodore Roosevelt aliona sarafu za nchi yake ni mbaya, akamwomba mchongaji Augustus Saint-Gaudens azitengeneze upya. Matokeo yake ni sarafu ya dhahabu ya dola 20 iliyotoka mwaka 1907, mwaka ambao Saint-Gaudens alifariki. Wengi wanaiona kuwa sarafu nzuri kuliko zote Marekani imewahi kutoa, nami sibishi. Mwanamke anakuja kuelekea kwako, nywele zinapepea, mwenge mkono wa kulia, tawi la mzeituni kushoto, miale ya jua imejaa nyuma yake. Mwaka 1928 Columbia ilipomwacha askari wa Kirumi na kuchukua mwanamke mwenye mwenge, ilikuwa bado inatembea kwenye njia iliyofunguliwa na sarafu hii na sanamu ya bandari ya New York.

Aliyesimama mbele ya Saint-Gaudens kwa ajili ya umbo lile ni Hettie Anderson. Alikuwa amekwisha kumsimamia kwa sanamu ya Ushindi inayotembea mbele ya farasi wa Jenerali Sherman huko New York. Alikuwa mwanamke mweusi, mzaliwa wa South Carolina, katika mji ambao jina lake, nilipolisoma, lilinifanya niweke kitabu chini kidogo: Columbia. Katika jimbo lake la kuzaliwa, sheria ya wakati ule isingemruhusu kukaa behewa moja na Wazungu. Sarafu yenye umbo lake ilikubalika kila behewa.

Wenyeji wa asili wa Amerika wana hadithi ya aina hiyo hiyo, na yao inaingia moja kwa moja kwenye sinema. Kumbi za kwanza za filamu Marekani ziliitwa nikelodioni kwa sababu kiingilio kilikuwa sarafu ya nikeli, senti 5. Mwaka 1913 sarafu hiyo ilipata sura mpya, kazi ya James Earle Fraser: upande mmoja uso wa mwenyeji wa asili, upande mwingine nyati wa Marekani. Fraser alisema uso ule aliuunganisha kutoka kwa watu kadhaa, akiwemo Iron Tail wa Walakota, aliyekuwa akijipatia riziki kwenye maonyesho ya Buffalo Bill. Iron Tail alifariki mwaka 1916. Sheria ya kuwafanya wenyeji wote wa asili kuwa raia ilipitishwa mwaka 1924, mwaka ule ule wa nembo ya kina Cohn. Fikiria basi mtu anatoa senti 5 zenye uso ule, anaingia ukumbini, na kwenye turubai anaoneshwa watu wenye uso ule wakipigwa risasi, anapiga makofi.

Rafiki yangu mmoja tunayesoma naye, mbishi wa kuzaliwa, alinisikiliza mpaka hapa akasema hoja yangu ina huruma nyingi kuliko mantiki. Alama si picha ya mtu, alisema. Mwanamitindo alilipwa kwa saa, akaondoka. Ukitaka kila alama ilingane na hali halisi ya aliyeisimamia, hutabaki na alama yoyote, kwa sababu alama kazi yake ni kuonyesha kisichokuwepo bado. Bendera ya nchi changa nayo ni uongo siku ya kwanza.

Hoja hiyo ina uzito, na nimeizungusha kichwani kwa wiki kadhaa. Kant anafundisha kwamba vitu ama vina bei ama vina utu, na kwamba chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani hiyo hiyo, ilhali chenye utu hakina mbadala. Sarafu ni bei iliyopewa uso. Unapoweka umbo la mtu juu ya bei, unamweka mahali ambapo kubadilishana ndiyo maana nzima ya kuwepo. Rafiki yangu atasema mtu hakuwekwa pale, liliwekwa umbo. Lakini mchongaji hakumtaka umbo. Alimtaka yeye, akamwita arudi, kwa sababu kulikuwa na kitu katika kusimama kwake ambacho wengine hawakuwa nacho. Kisichokuwa na mbadala ndicho kilichochukuliwa, kikalipwa kwa saa kama kitu chenye mbadala.

Ajuaye hilo vizuri kuliko wote ni Audrey Munson. Alikuwa mwanamitindo wa wachongaji wa New York kiasi kwamba mpaka leo ukitembea mjini mule unapita chini ya sura yake bila kujua. Yeye ndiye aliyesimama kwa ajili ya sanamu ya dhahabu iliyo juu ya jengo la manispaa, kazi ya Adolph Weinman, yule yule aliyechora nusu dola ya mwaka 1916 yenye Uhuru anayetembea kuelekea jua. Wapo wanaoamini nusu dola ile nayo ni yeye. Mwaka 1915 sinema ikamchukua pia: katika filamu iitwayo Inspiration alicheza kama mwanamitindo wa mchongaji, na akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kuonekana uchi katika filamu ya kibiashara Marekani. Kisha mitindo ikabadilika, kashfa ya mauaji ambayo hakuyafanya ikamwandama kwa sababu muuaji alikuwa mwenye nyumba yake, kazi zikakatika. Mwaka 1922 alijaribu kujiua. Mwaka 1931, akiwa na miaka 40, jaji aliamuru apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko ndiko alikoishi karibu maisha yake yote yaliyobaki. Alifariki mwaka 1996. Alikuwa na miaka 104. Kwa miongo zaidi ya sita, mwanamke wa juu ya jengo la manispaa alikuwa anang'arishwa kwa fedha za umma, na mwanamke wa chini hakuulizwa na mtu.

Najua jibu la rafiki yangu: hayo ni makosa ya jamii, nembo haina hatia. Labda. Lakini sarafu inadai kwamba aliyeitoa anasimama nyuma yake, hiyo ndiyo tofauti yake na kipande cha chuma. Ukidai hivyo kwa senti 25 huwezi kukwepa ukiulizwa kuhusu neno lililoandikwa juu ya kichwa cha mwanamke. Ahadi ya kweli ina mlango ambao mwenye kudai anaweza kuugonga. Robo dola ilikuwa na mlango huo kwa mkate. Kwa uhuru, mwanamke aliyekuja kudai mwaka 1917 mbele ya Ikulu ya Marekani, na bango mkononi, alipelekwa jela.

Ninapoitazama shilingi ya kwetu ya mwaka 1966, yenye Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili, naona ulioushika mwenge ni mkono tu. Hauna mwili, hauna uso, huwezi kusema ni wa mwanamume au mwanamke. Zamani niliona ni uvivu wa mchoraji. Siku hizi naona kuna heshima ndani yake, kwa sababu hakuna aliyeombwa asimame pale kuwa uhuru wa wengine. Ingawa na mimi nakiri kwamba mkono usio na mwenyewe hauna pia wa kumdai.

Saint-Gaudens alikuwa amechonga kichwa cha Hettie Anderson alipokuwa akijiandaa kwa sanamu ya Ushindi, na akampa kichwa hicho kiwe chake. Mwaka 1908, wakati mitambo ya serikali ikigonga sarafu za dola 20 kwa maelfu kwa maelfu, Anderson alikwenda kusajili hakimiliki ya kichwa kile kwa jina lake mwenyewe. Alikubali kukiazimisha kioneshwe. Familia ya mchongaji, baada ya mzee kufariki, ilipoomba ruhusa ya kutengeneza nakala, alikataa.